Pepa ya riwaya ya kihistoria: tenga kilichobuniwa na kilichotokea

Nyinyi wa Kisumu na hata wa Nakuru mnaoandika pepa ya utafiti juu ya riwaya ya kihistoria, shikeni hii. Kabla ya sentensi ya kwanza, chukua daftari upige mstari katikati ya ukurasa, kushoto andika vitu mwandishi amebuni, kulia vitu vilitokea kweli, maana hapo ndo wengi huteleza, wanataja riwaya kama ushahidi wa historia na mwalimu anachora nyekundu.

Mfano, reli ilifika hapa Kisumu 1901, bandari ikiitwa Port Florence, na huku kwetu kote kulikuwa bado chini ya Uganda hadi 1902. Koloni kuitwa Kenya ni 1920. Sasa mhusika wa 1901 akisema "sisi Wakenya", hiyo ni sauti ya mwandishi, si ya enzi hiyo, na hapo uko na hoja tamu kabisa! Maneno ya mhusika unayataja na namba ya ukurasa wa riwaya, lakini mwaka wa reli tafutia kitabu cha historia.

Na ukimhoji dani (nyanya) ama guka (babu) juu ya enzi hiyo, andika tarehe siku hiyo hiyo. Kuna mitindo miwili ya kutaja vyanzo, APA na MLA: kwa APA mahojiano yako mwenyewe yanatajwa ndani ya maandishi tu, hayaingii kwa orodha ya marejeo, ila MLA inayaweka kwa orodha, kwa hivyo uliza mwalimu mapema anataka gani.