Namna ya Kuchambua Neno "Bank" Kabla ya Kulitafsiri

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili hapa Dodoma aliwahi kuniletea daftari ambamo sentensi ya Kiingereza kuhusu wavuvi waliopumzika kwenye "bank", yaani ukingo wa mto, ilikuwa imetafsiriwa hivi: "Wavuvi walipumzika benki." Hakuwa mvivu hata kidogo. Neno alilijua, na kwa kuwa Kiswahili kimelikopa katika maana moja tu, hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi kama huyo pamoja na mwalimu wake.

Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza, wala usikimbilie maana ya kwanza unayoikuta. Tazama kwanza kama neno limeingizwa mara moja au zaidi, kila kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kufafanuliwa katika kamusi, kikiwa na tarakimu ndogo iliyoinuliwa pembeni yake. Vidahizo vikiwa viwili au vitatu, watunga kamusi wanakueleza kwamba hayo ni maneno mbalimbali yaliyokutana kwa umbo, kama vile "kaa" la moto na "kaa" wa baharini katika Kiswahili. Namba zilizomo ndani ya kidahizo kimoja ni jambo jingine: hizo ni maana za neno lilelile, zilizotanuka kadiri watu walivyoendelea kulitumia.

Sasa andika asili ya kila kidahizo kwenye daftari. "Bank" ya kwanza ni ukingo wa mto, nayo iliingia katika Kiingereza kutoka lugha za Skandinavia ikiwa na maana ya mwinuko au mteremko wa ardhi. Ili wanafunzi waielewe, wapeleke kwenye korongo lolote la huku kwetu wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamekauka na kubaki mchanga mtupu, wasimame chini na kuugusa kwa mkono udongo ulioinuka pande zote mbili. Udongo huo ndio "bank", na hauondoki maji yanapokwisha. Fungu la mchanga baharini huitwa hivyo kwa sababu ya mwinuko huohuo, na ndege inayoinamisha bawa moja inapokata kona hupewa kitenzi "bank" kwa sababu inalala kama mteremko.

"Bank" ya pili ni ya fedha. Ilitoka katika neno la Kiitalia "banca", ikapitia Kifaransa, na kuingia katika Kiingereza karne ya 15. "Banca" lilikuwa benchi au meza ambayo wabadilisha fedha waliifanyia kazi yao. Tawi hili nalipenda kupita yote, kwa kuwa limezaa sana: neno la Kiingereza la mtu aliyefilisika, "bankrupt", limetokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya benchi lililovunjika, na "banquet", yaani karamu, kwa asili ni benchi dogo. Benchi letu la Kiswahili nalo, lililokuja kutoka Kiingereza, ni la ukoo huohuo, hivyo mtu anayesubiri zamu yake kwenye benchi la benki pale mjini amelikalia neno hilo na pia yumo ndani yake.

Ipo pia "bank" yenye maana ya safu, kama safu ya swichi ukutani, iliyotokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya benchi. Ukichimba zaidi utakuta zote tatu zinakutana katika shina moja la kale la lugha za Kijerumaniki, yaani ukoo wa lugha wenye Kiingereza na Kijerumani, lakini mfasiri anahitaji kuzitenganisha.

Baada ya hapo, pima kila tumizi unalolikuta kwa kuuliza limetoka tawi gani. Benki ya damu, jina alilolianzisha daktari Bernard Fantus mwaka 1937 katika Hospitali ya Cook County, Chicago, ni ya tawi la fedha, kwa sababu damu huwekwa akiba na kutolewa. Kibubu cha mtoto, ambacho kwa Kiingereza huitwa "piggy bank", ni cha hukohuko. Kitenzi "bank" kinachotumika kwa moto ndicho kigumu. Wanafunzi wangu walidhani maana yake ni kuweka akiba ya moto, mpaka mmoja wao akakumbuka jinsi bibi yake kijijini anavyorundika majivu juu ya makaa usiku ili asubuhi ayakute yangali hai. Rundo hilo la majivu ni mwinuko, kwa hiyo kitenzi hicho tukakiandika chini ya ukingo wa mto.