Kabla ya kumshikisha mtoto penseli

Mtoto wa miaka 3 anayeshika penseli kwa ngumi si mvivu wala mzito. Mifupa ya kiganja chake bado haijakomaa, na vidole havijapata nguvu. Daftari lisubiri kwanza.

Hatua ya 1: bega. Atambae, apande, abebe kidumu kidogo cha maji. Mpe chaki achore kwenye ubao uliosimama; hapo kifundo cha mkono hurudi nyuma chenyewe, mkao uleule atakaouhitaji mezani.

Hatua ya 2: vidole. Hapa kaeni sana, na hakuna cha kununua. Achambue maharage, akamue soksi zake, abane vibanio kwenye kamba ya nguo, atunge shanga. Akifika miaka 5 au 6, mfundishe mdako: kokoto inarushwa juu, na kabla hajaidaka, mkono huohuo umeshakomba nyingine shimoni. Jicho na vidole vinakwenda pamoja. Kazi ya kufuatisha vitone haimpi hayo, hata walimu waipende vipi.

Hatua ya 3: michoro. Kwa kawaida mstari wa wima hutangulia, kisha wa kulala, duara karibu na miaka 3, msalaba karibu na 4, halafu mraba. Pembetatu huchelewa, mara nyingi hadi 5. Achore mchangani kwa kidole. Kama mistari ya mshazari bado inamshinda, usimdai K wala M.

Hatua ya 4: penseli. Anza na krayoni, na uivunje. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Dole gumba, cha shahada na cha kati hujipanga.

Maswali ya wazazi

*Mwalimu, mwanangu anatumia kushoto, bibi yake anamhamishia kulia. Nifanyeje?*

Mwache na kushoto kwake, na bibi umweleweshe kwa upole. Karatasi ilaze upande, juu yake ielekee kulia kidogo, na ashike penseli mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika.

*Wangu ana miaka 3, shule inampa a hadi z aandike nyumbani. Analia.*

Pole, mama. Zungumza na mwalimu wake. Nyumbani mchoree herufi moja kubwa sakafuni kwa chaki, aipitie kwa kidole kilicholowa maji. Akichoka, basi.

*Kuandika kwa kidole kwenye simu kunasaidia?*

Kidogo sana. Kioo kinateleza, kidole hakifanyi kazi. Mpe donge la unga wa chapati akande.