Una mashine ya kuchonga nta? Chagua programu ukianzia kwenye ncha ya biti

Vijana wengi wa usonara hapa Arusha wananiuliza swali lile lile: "Fundi, nimepata mashine ndogo ya kuchonga, nitumie programu gani ya kuchora pete ambayo haitanimaliza mfuko?" Wengine wamenunua ile mashine ya Kichina inayojulikana kama 3018, wengine wamebahatika kupata mashine ya kampuni ya Roland iliyotumika. Nta wanayo, mashine iko mezani, lakini programu wanazosikia zikitajwa ni za masonara wakubwa, kama MatrixGold, ambazo bei yake inamfaa mtu mwenye duka linalotembea tayari. Naandika hapa ninachowajibu, kwa kirefu, kwa kuwa mtu anayeanza akinunua programu isiyolingana na mashine yake anakuwa amezika mtaji wa miezi.

Jibu langu huanza kwa kuwazuia: usitafute kwanza programu ya kuchora.

Kutoka kwenye wazo hadi nta iliyochongwa kuna programu tatu. Ya kwanza ni ya kuchora umbo, ndiyo wanayoiita CAD. Ya pili ni CAM, inayopanga njia ya biti: unaipa umbo, unaiambia umefunga biti gani, nayo inaamua biti ipite wapi, ishuke kiasi gani na kwa mwendo gani, halafu inayaandika yote kwa msimbo wa G, yaani lugha ya amri ambazo mashine inazifuata. Ya tatu inaisomea mashine msimbo huo mstari kwa mstari. Hiyo ya tatu haipaswi kukugharimu chochote. Mashine ndogo nyingi zinaendeshwa na GRBL, mfumo unaokaa ndani ya mashine yenyewe, na Candle au Universal Gcode Sender zinatosha kabisa, zote za bure.

Matangazo yamejaa programu za kwanza kwa sababu ndizo zenye picha za kuvutia. Lakini kwa mtu wa mashine ya kuchonga, ya katikati ndiyo inayoamua kama pete itatoka au nta itaharibika. Kwa hiyo, kama una laki chache tu za kutumia, zipeleke kwenye CAM. Kuchora utapata bure, na bure yenyewe ni nzuri kweli.

Ijue mashine kabla ya programu

Chukua karatasi uandike mambo manne kuhusu mashine yako: inaendeshwa na mfumo gani (GRBL, Mach3 au wa kampuni yenyewe), ina mihimili mitatu (kushoto-kulia, mbele-nyuma, juu-chini) au ina wa nne unaozungusha kazi, koleti yake (kibanio cha biti) inashika biti ya unene gani, na nta kubwa kuliko zote inayoweza kuingia ni ya ukubwa gani. Hiyo 3018, kwa mfano, eneo lake la kazi ni milimita 300 kwa 180, na urefu wa kushuka ni kama 45. Kwa pete ni kubwa mno. Tatizo lake haliko kwenye ukubwa, liko kwenye mihimili: inapokuja bila mhimili wa nne, biti inashuka kutoka juu tu.

Hapo ndipo kuchonga kunapotofautiana na kuprinti kwa 3D, na ndipo wanaojifunza kwa video za watu wenye printa hizo wanapopotea. Printa inajenga tabaka juu ya tabaka, kwa hiyo uvungu si kikwazo kwake. Biti haiwezi kuingia uvunguni. Kitu chochote kilichofunikwa na kingine kutoka juu, mashine ya mihimili mitatu haikioni. Na pembe ya ndani haiwezi kuwa kali kuliko biti yenyewe: ukifunga biti yenye ncha ya duara ya kipenyo cha nusu milimita, kila kona ya ndani itatoka na mviringo wa nusu kipenyo cha robo milimita, upende usipende.

Tazama kiti cha tanzanaiti ya umbo la yai, chenye kucha nne za kulishika jiwe. Kwenye skrini kucha zinasimama zimechongoka, kati yake kuna madirisha, chini kuna ukingo mdogo wa jiwe kukalia. Ukiipeleka kwenye mashine ya mihimili mitatu, madirisha yanaziba, kwa sababu yanatazama pembeni. Ule mfereji mwembamba ndani ya kucha, unaoshika kiuno cha jiwe, haupatikani kabisa. Mimi nachora kucha nene kidogo, zinazopanuka kuelekea chini ili biti ya koni ipite vizuri. Madirisha nayafungua kwa mkono kwenye nta. Na kiti chenyewe nakikata kwa bari, kile kikatio kidogo cha kuzunguka, baada ya kusubu. Programu ya kuchora inayokutengenezea kiti kamili kwa kubofya mara moja ni tamu, lakini sehemu kubwa ya unachokilipia pale mashine yako haiwezi kukitoa.

CAM: hapa ndipo pa kulipa

Kama mashine yako ni Roland, uliza kwanza kama imekuja na programu zake. MDX-20 na MDX-40A zilitoka kiwandani na MODELA Player, ambayo ni CAM tayari, na kwa anayeanza inatosha muda mrefu. Ukinunua iliyotumika, dai na diski yake.

Kwa wengine, napenda DeskProto, inayotengenezwa Utrecht, Uholanzi. Inapokea faili la STL (faili la umbo lililochorwa) kutoka programu yoyote ya kuchora, inakuongoza hatua kwa hatua, ina toleo la bure kwa kazi nyepesi za mihimili mitatu, na ukipata mhimili wa nne baadaye unapanda kwenye toleo lake la mihimili mingi bila kuhama. Inajua pia kuchonga upande mmoja, kukusubiri ugeuze nta, kisha kuchonga upande wa pili. Jambo hilo la kugeuza lipe uzito mkubwa: mwenye mihimili mitatu hutoa pete nzima kwa kufunga nta kwenye fremu yenye pini mbili, na CAM isiyojua kugeuza itakuachia nusu pete. MeshCAM nayo inafanya hivyo, na ni rahisi kuliko zote kujifunza.

Kama kazi zako ni vidani vya jina, pete za muhuri, medali na michoro ya kuinuka juu ya bapa, basi angalia Vectric, za Uingereza, au Carveco. Carveco ndiyo iliyorithi ArtCAM, programu ya zamani ya michoro kama hiyo, baada ya Autodesk kuacha kuiuza mwaka 2018, na toleo lake dogo, Maker, unalipia kwa mwezi. Kwa mtu mwenye oda ya msimu hiyo ni nafuu. Vectric unalipa mara moja, programu inakuwa yako.

FreeCAD ina CAM ndani yake, bure kabisa. Kwa maumbo ya kawaida, yaani mifereji, mashimo na kingo, inafanya kazi nzuri. Kwa uso uliopindapinda kama bega la pete inataka uvumilivu na muda wa kujifunza. Kama huna hata senti, anza nayo bila wasiwasi.

Sasa Fusion ya Autodesk, ambayo kila mtu anaitaja kwa kuwa ina CAD na CAM pamoja na ina leseni ya bure. Soma masharti yake. Leseni hiyo ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara, na kikomo cha mapato ni chini ya dola 1,000 kwa mwaka. Pete moja ya dhahabu yenye tanzanaiti nzuri inaweza kukupitisha hapo. Tangu Oktoba 2020 toleo hilo la bure pia limepunguzwa: halitoi msimbo wa mhimili wa nne, na ile miendo ya haraka ya biti kupita hewani inakwenda kwa kasi ya kukatia, hivyo kazi inachukua muda mrefu zaidi. Faili unazoweza kuhariri kwa wakati mmoja ni 10. Na kazi zako zinakaa kwenye seva zao, kwa hiyo bando likiisha utalijua. Kwa kujifunzia ni shule bora. Kwa kuendeshea duka, lipia au tumia nyingine.

Kuchora: bure inayotosha

Kwa sonara anayeanza, mimi nasema Blender na nyongeza yake inayoitwa JewelCraft. Zote bure, zote zinafanya kazi bila intaneti ukishazipakua. JewelCraft inakuwekea mawe, kucha, vikatio vya viti, na inakupigia hesabu ya uzito wa madini. Unachohitaji ni kompyuta yenye kadi ya picha isiyo ya zamani sana na RAM ya GB 8 au zaidi.

Kuna kitu kimoja cha kwetu ambacho mafunzo ya mtandaoni hayakigusi. Maktaba za mawe kwenye programu hizi zina vipimo vya kiwandani, kwa milimita: yai la 7 kwa 5, duara la 3, mraba wa 4. Tanzanaiti inayokatwa hapa mjini mara nyingi haikatwi kwa kipimo, inakatwa kuokoa karati. Utapewa yai la 7.3 kwa 5.6, tumbo limeshuka upande mmoja, na kina kirefu kuliko kwenye kitabu. Kwa hiyo, programu yoyote unayoifikiria, ijaribu hivi: chukua kalipa (kipimio cha milimita chenye taya), pima jiwe lako halisi urefu, upana na kina, kisha angalia kama inakuruhusu kuandika namba zako zote tatu. Kama inakulazimisha kuchagua kwenye orodha tu, iache. Blender inakuruhusu. Halafu kina cha jiwe kilinganishe na unene wa pete, kwa sababu jiwe lenye tumbo refu litamkwaruza mteja kidole.

Udhaifu wa Blender ni kwamba ukishafinyanga umbo, kurudi kubadilisha kipimo kimoja ni kazi. FreeCAD ni kinyume chake. Umechora pete ya ndoa ya kipenyo cha ndani 17.3, mteja anarudi anasema kidole ni cha 18.1: unafuta namba, unaandika nyingine, pete inajirekebisha yenyewe. Wanaofanya pete za ndoa na bangili za kawaida wataipenda zaidi. Mimi natumia zote mbili.

Ukishaanza kupata oda za kudumu, fikiria Rhino. Leseni yake ya biashara ni dola 995, kama milioni mbili na nusu za Kitanzania, lakini haiishi muda, na ukiwa mwanafunzi mwenye kitambulisho unalipa 195. Inajaribiwa siku 90 bila kulipa. MatrixGold yenyewe imejengwa juu ya Rhino, kwa hiyo ulichojifunza hakipotei siku ukipanda. Kumbuka tu kwamba Rhino haina CAM ndani yake.

Nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi, hasa za ArtCAM ya zamani, nakusihi usiziguse. Mbali na virusi, zinaendesha chuma kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na vidole vyako, na zikitoa msimbo mbovu huna wa kumuuliza.

Hesabu inayorudisha gharama

Sababu kubwa ya kutaka programu nzuri ya kuchora ni kumwambia mteja bei kabla hujayeyusha chochote. Umbo likishakamilika, programu inakupa ujazo. Tuseme pete imetoka milimita za ujazo 500, yaani nusu sentimita ya ujazo. Fedha ya 925 ina kama gramu 10.4 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo pete itakuwa gramu 5.2. Dhahabu ya njano ya karati 18 ni kama 15.5, kwa hiyo gramu 7.75. Ongeza mkondo wa kumiminia na kile kitakachopotea kwenye tupa na msasa. Mteja akishtuka, unapunguza unene wa ndani mbele yake na gramu zinashuka huku anaona.

Kabla ya kupeleka umbo kwenye CAM, likuze kidogo, kati ya asilimia 1 na 3, kufidia madini kusinyaa na kung'arisha. Kiasi halisi utakipata kwa kupima pete zako mwenyewe baada ya kusubu. Na angalia kipimo cha STL. Faili hilo halibebi jina la kipimo, linabeba namba tu. Programu moja ikidhani ni milimita na nyingine ikasoma inchi, pete inatoka kubwa mara 25.4. Kwenye Blender, weka kipimo cha milimita tangu mwanzo, na ukifungua faili kwenye CAM soma upana wake kabla ya kubofya kitu kingine.

Jaribu kabla ya kulipa

Chora pete nyepesi, duara tupu lenye bega moja lililopinda. Ipeleke kwenye toleo la majaribio la CAM unayoitaka, chagua posti prosesa, yaani sehemu inayoandika msimbo kwa namna ambayo mashine inaielewa, ya mfumo wa mashine yako, na kama haipo kwenye orodha mwandikie mtengenezaji kabla hujatoa hela. Chonga kwenye nta ya kijani, ambayo ni ngumu na inatunza kona kuliko ya bluu. Sifuri ya kazi, yaani mahali mashine inapoanzia kuhesabu, iweke kwenye kona ya fremu, mahali unapoweza kuparudia, kwa sababu umeme ukikatika katikati mashine ya GRBL inasahau ilipokuwa. Kisha pima kwa kalipa sehemu tatu: kipenyo cha ndani, upana, na unene wa bega. Kama tofauti na mchoro haizidi sehemu ya kumi ya milimita, nunua hiyo. Ikizidi, badilisha kwanza biti na ukaze koleti, rudia na faili lile lile, na tofauti ikibaki palepale hamia kwenye programu inayofuata kwenye orodha yako.