Vibao vya kazini vinavyomfanya mtu ajione wa hapa: hatua ninazofuata Moshi

Nachora vibao hapa Moshi: maduka, gereji, stoo za vifaa vya kupandia mlima, viwanda vya kahawa. Kinachonirudia kichwani ni kimoja nilichokiandika kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa: VIBARUA WAPITE MLANGO WA NYUMA. Herufi zilinyooka, hela nikalipwa siku hiyo hiyo. Baadaye mama mmoja wa kuchambua akaniambia amepita chini ya maneno yale misimu mitatu, na kila asubuhi yanamwambia yeye si wa pale. Tangu hapo sishiki brashi kabla ya haya.

1. Soma kuta kwanza

Zunguka na daftari kuanzia getini hadi chooni, nakili kila kibao. Hesabu vinavyoanza na "Usi-", "Hairuhusiwi" na "Marufuku", kisha msomee mwenye kiwanda kwa sauti, kimoja baada ya kingine. Wengi hunyamaza kabla hujamaliza.

Vya usalama usiviguse. Duara jekundu lenye mstari ni katazo, pembetatu ya njano ni tahadhari, duara la bluu ni jambo la lazima, kijani ni njia ya kutokea na huduma ya kwanza. Ni alama za kimataifa. Aliyeanza kazi leo azitambue hata kabla ya kusoma. Kuzirembesha ni kuhatarisha watu.

2. Maneno yatoke kwa wenye kazi

Kaa nao saa ya chai. Uliza: mgeni wa siku ya kwanza hupotelea wapi? Hapa mnapaitaje? Ofisi ilitaka niandike "Kitengo cha Uchambuzi", akina mama wakasema "mezani". Nikaandika MEZANI. Kile kibao cha mlango wa nyuma nacho nikakifuta bila malipo, na maneno mapya wakayachagua wenyewe: "Mlango wa mezani. Karibuni, za nyumbani?"

Achana na "Uongozi unawatangazia". Huu ni mji wa ushirika, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933, na watu wanajua "chetu" ya kweli na ile ya danganya toto. Kama choo cha ofisi kina kufuli na cha wafanyakazi hakina maji, usikubali kuandika "Sisi ni familia moja". Mwambie mwenye kiwanda akatengeneze bomba kwanza.

Lugha iwe Kiswahili. Najua utamu wa kuandika "Aika", asante ya Kichaga, mlangoni, lakini meza moja inaweza kuwa na Mchaga wa Rombo, Mpare wa Same na Msambaa wa Lushoto. Weka asante za kwao wote, au usiweke hata moja.

3. Ubao wa majina

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Usichore majina moja kwa moja ukutani, maana watu huja na kuondoka. Piga misumari midogo kwenye ubao, kila mtu awe na kibao chake cha kutundika. Muulize mwenyewe anataka kuitwaje: orodha ya mshahara ina jina la cheti, lakini mezani yeye ni Mama Neema. Asiyetaka jina lake lionekane, mwache. Majina yote yawe na herufi za ukubwa mmoja, la meneja pia, na vibarua wa msimu wawemo.

4. Kuchora na kutundika

Piga msasa, paka praima (rangi ya msingi) pande zote na hasa kingo, kwani maji ya masika huingilia hapo na plaiwudi ikavimba. Rangi ya mafuta mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili, kila mkono ulale usiku mzima. Herufi za sentimeta 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3. Mbali zaidi, ongeza kwa uwiano huo. Rangi iliyokolea juu ya nyeupe inatosha. Sentensi ndefu usiiandike kwa herufi kubwa tupu, inachosha macho.

Katikati ya kibao iwe kama mita 1.5 kutoka sakafuni, pale watu wanaposimama: bombani, kwenye mizani. Bango la kuelekea barabarani, ulizia kwanza halmashauri.

5. Rudi

Masika yakiisha nenda na kitambaa na kopo la rangi, osha vumbi, gusia palipobanduka. Kibao cha jina cha aliyeacha kazi usikitupe wala kukipaka jina jingine. Mpe aende nacho.