Jinsi ya Kusoma Mmomonyoko wa Barafuto Kwenye Mwamba

Kabla ya kuanza uchunguzi, ni vyema kukumbuka kwamba barafu safi haina uwezo wa kuukwangua mwamba mgumu. Katika kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, barafu iliyo karibu kuyeyuka hupata takriban 1.5, ilhali madini makuu ya itale (graniti) hufikia 6 hadi 7. Kazi ya kukwangua hufanywa na mawe na mchanga ulioganda katika tabaka la chini la barafuto, yaani wingi wa barafu unaosonga polepole juu ya ardhi, na kazi ya kung'oa husaidiwa na maji yanayopenya kati ya barafu na mwamba. Mchunguzi hutafuta alama za kazi hizo mbili.

Tafuta mwamba ulio wazi katika eneo lililowahi kufunikwa na barafuto, si lazima liwe milimani; Umpire Rock, mwamba ulio katika bustani ya Central Park jijini New York, una mikwaruzo ya aina hiyo. Mahali ambapo udongo umeondolewa karibuni hufaa zaidi, kwa sababu mvua na baridi huifuta mikwaruzo midogo kadiri miaka inavyopita. Nenda asubuhi au jioni, mwanga wa jua unapolala juu ya mwamba na kukitia kivuli kila kijifereji, kisha upime kwa dira uelekeo wa mikwaruzo katika sehemu kadhaa.

Mikwaruzo hiyo huonyesha mstari ambao barafuto iliufuata, lakini peke yake haisemi ilitoka upande upi. Wengi hukimbilia alama zenye umbo la mwezi mwandamo, nami sishauri kuzitegemea, kwa kuwa zipo zinazotazama upande ilikotoka barafu na zipo zinazotazama ilikokwenda. Ushahidi bora zaidi ni punje ngumu iliyojitokeza kwenye mwamba, ikiwa nyuma yake kimebaki kigongo chembamba kinachopungua polepole: kigongo hicho huelekea kule barafuto ilikokuwa ikienda.

Baada ya hapo, rudi nyuma utazame umbo la mwamba mzima. Upande uliopokea barafu huwa mviringo na laini, na upande wa pili huwa na kingo kali, kama inavyoonekana kwenye Lembert Dome huko Yosemite, Marekani. Sababu yake ni kwamba shinikizo linapokuwa kubwa upande wa mbele, barafu huukandamiza mwamba kwa nguvu na mawe yake huusugua. Ikishavuka kilele, huacha uwazi unaojaa maji. Shinikizo la maji hayo likishuka ghafla, uzito wa barafu huhamia kwenye kingo za mwamba, nyufa zilizokuwepo hurefuka, na hatimaye mapande huachana na mwamba na kubebwa. Kwa hiyo chunguza nafasi kati ya nyufa: mwamba wenye nyufa zilizokaribiana hung'olewa kwa urahisi, na ule usio na nyufa hubaki ukisuguliwa tu.

Usihitimishe kwamba mahali pasipo na alama hapakuwahi kuwa na barafuto. Chini ya barafu yenye unene wa mita 1,000, kiwango cha kuyeyuka hushuka hadi takriban nyuzi 0.7 za selsiasi chini ya sifuri. Barafuto iliyo baridi kuliko kiwango hicho hushikamana na mwamba, haitelezi, na huumomonyoa kidogo mno.

Mwisho, hakikisha hujadanganywa na mikwaruzo ya ufa wa ardhi, ambayo hutokea vipande viwili vya mwamba vinaposuguana. Hiyo huendelea ndani ya ufa, chini ya mwamba unaoufunika, na mara nyingi huambatana na utando wa madini. Mikwaruzo ya barafuto hukaa juu ya uso wa mwamba na kufuata mikunjo yake, hata inapovuka aina mbili tofauti za miamba.