Mwanafunzi Mchina akija tuisheni ya Kiingereza

Walimu wa tuisheni wa Kilimani na Kileleshwa, Nairobi, wanazidi kupata wanafunzi waliokulia Kichina. Wengi huwapa mazoezi yaleyale wanayowapa watoto wa hapa, halafu wanashangaa muhula unaisha na makosa hayajasogea. Makosa ya Mchina yana asili yake. Ukiijua asili, zoezi lenyewe utalitunga mezani.

Anza na wakati wa kitenzi. Akiandika "Yesterday I go to Westlands", jua kwamba kwake "yesterday" imeshamaliza kazi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki, iwe jana au kesho. Mwonyeshe kwa Kiswahili, hata kama anakijua kidogo tu: "jana nilienda", jana ipo na -li- ipo, wakati umetajwa mara mbili. Kisha jihadhari na kijineno chao "le". Wengi hukifanya kuwa "-ed", na hapo ndipo wanapopotea, maana "le" huonyesha jambo kukamilika, hata la kesho. Kimekaribiana zaidi na -sha- yetu ya "kesho nikishakula". Mpe aya ya maneno 120 hivi, vitenzi vyote vikiwa katika umbo la mzizi, aviweke katika wakati uliopita. Wiki nzima iwe wakati mmoja tu. Ukichanganya nyakati tatu siku ya kwanza, atabahatisha.

"He" na "she" ni kisa kingine. Kwa sauti, Kichina kina "ta" moja kwa mume na mke, kama "yeye" yetu. Kwenye maandishi alama ni tofauti. Ndiyo maana akiandika hupatia, lakini akiongea hukosea. Dawa si daftari. Asimulie kwa mdomo, dakika 3, habari ya kaka na dada, nawe usimkatize kwa kosa lingine lolote.

Sasa tuseme ukweli: kuna makosa ambayo mwalimu na mwanafunzi wanayo wote wawili. Kichina husema "ingawa" kikafuatisha "lakini", nasi vilevile: ingawa mvua ilinyesha, lakini matatu ilikuja. Kiingereza kinataka kimoja tu, ama "although" ama "but". Na ukimwuliza "You haven't eaten?", atajibu "Yes" akimaanisha hajala, sawasawa na "ndiyo, sijala" ya kwetu. Kiingereza kinadai "No, I haven't". Jisikilize wewe kwanza.

"A" na "the" zitakula muda mwingi kuliko yote, kwa kuwa Kichina hakina kitu kinacholingana nazo kikamilifu. Ajiulize maswali mawili kwa mpangilio: nomino hii inahesabika? Msomaji anajua ni ipi? Kisha chukua aya ya maneno 100, futa kila "a", "an" na "the", uichape upya bila kuacha nafasi. Ukiacha pengo, umemwambia jibu liko wapi. Kazi ngumu ni kujua panahitajika kitu. Asahihishe, akitaja sababu ya kila kijineno.

Kwenye ufahamu, tatizo kubwa ni sentensi yenye kishazi ndani. Katika Kichina maelezo yote hutangulia nomino, kwa hiyo sentensi kama "The shop that repairs the phones his sister sells closes at six" humvuruga. Muulize kinachofungwa saa kumi na mbili ni nini. Huenda akajibu dada. Achore mabano kuanzia "that" hadi "sells", asome kilichobaki: "The shop closes at six". Sentensi 5 za namna hii kila kipindi zinatosha.

Kifungu kiwe cha maneno 300 hivi. Asome mara ya kwanza dakika 4, simu ikiwa mbali, aandike sentensi moja ya kinachosemwa. Mara ya pili apigie mstari maneno yasiyozidi 5, akisie maana, ndipo afungue kamusi. Yakizidi hapo, badilisha kifungu. Kila jibu alionyeshe kwa namba ya mstari, la sivyo programu ya tafsiri ndiyo imejibu. Matangazo ya Kenya Power ya kukatika kwa umeme yanafaa sana: ni mafupi, yamejaa tarehe, saa na majina ya mitaa anayoijua.

Anayejiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ana maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60, na "False" dhidi ya "Not Given" ndiyo humwangusha. Mwandikie: "The McMillan library on Banda Street opened in 1931." Ukisema ilifunguliwa 1950, ni "False", kwa kuwa sentensi inakanusha. Ukisema ndiyo kubwa kuliko zote Nairobi, ni "Not Given", hata kama yeye ana hakika. Aweke kidole kwenye neno linalokanusha. Kidole kikikosa pa kutua, jibu ni "Not Given".