Kukagua vibali vya maji na majitaka Arusha na Moshi, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa fundi sanifu aliyepangiwa ukaguzi kwa mara ya kwanza, au katibu wa jumuiya ya watumia maji anayetaka kujua mkaguzi anapima nini hasa. Mito ya Themi, Nduruma na Usa kwa upande wa Arusha, Karanga, Weruweru na Kikafu kwa upande wa Kilimanjaro, yote humwaga maji Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Anayezidisha maji huku juu mlimani anampunguzia mtu wa chini ambaye hata hawafahamiani, ndiyo maana ugomvi wa maji hausuluhishwi kwa maneno ya jirani na jirani. Unahitaji namba.

Hatua ya 1: Soma kibali chenyewe

Orodha ya ofisini haitoshi. Tafuta nakala ya kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatenganisha kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka, na shamba la maua au kiwanda kinaweza kuhitaji vyote viwili. Andika kwenye daftari: mwenye kibali, chanzo, banio (mahali maji yanapochepushwa kutoka mtoni) lilipo, kiasi, matumizi na masharti. Matumizi yasome kwa makini. Kibali cha umwagiliaji hakigeuki kuwa cha kujazia maboza kwa sababu tu maji yapo.

Kisha geuza kila kiasi kiwe lita kwa sekunde. Kilichoandikwa kwa mita za ujazo kwa siku, gawanya kwa 86.4. Haki ya maji ya zamani iliyoandikwa kwa futi za ujazo kwa sekunde, zidisha kwa 28.3. Hesabu hii ifanye kabla ya kutoka, siyo ukiwa umesimama kwenye matope na watu wamekuzunguka.

Hatua ya 2: Chagua siku yenye kiu

Wakati wa masika karibu kila mtu anatii kibali, kwa kuwa hana haja ya maji ya mfereji. Nenda Januari au Februari, mto ukiwa umepungua. Viwanda vya kuchakata kahawa mbivu vikague msimu wa kuchuma. Nje ya msimu utapiga picha ya mashine zilizokauka. Kwa mifereji, uliza zamu za usiku zikoje. Ukienda kila mara saa nne asubuhi, utajua hali ya mfereji saa nne asubuhi, basi.

Hatua ya 3: Pitia kwa wenyeji

Ripoti kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha umtafute mwenyekiti wa mfereji. Shikamoo kwanza, rula baadaye. Kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili ya Uchagani, kuna wazee wanaojua kila tawi lilipochepushwa, na watakuonyesha kama hukuja kwa ukali. Adabu hiyo haina maana kwamba umtaarifu meneja wa kiwanda wiki nzima kabla.

Hatua ya 4: Pima maji yanayoingia

Kama banio lina kizuizi chenye mwanya wa V wa nyuzi 90, kazi ni nyepesi. Pima kimo cha maji juu ya ncha ya V, lakini usipimie pale pale kwenye mwanya, maji huinama yanapoanguka. Rudi nyuma umbali wa mara tatu au nne ya kimo hicho. Kimo kikiwa sentimita 15, yanapita takribani lita 12 kwa sekunde. Kikiwa sentimita 20, ni karibu 25. Ongezeko la sentimita 5 tu limezidisha maji mara mbili, kwa hiyo jiwe au gunia la mchanga lililowekwa mtoni chini kidogo ya banio si jambo dogo: linainua maji ili mengi zaidi yaingie mfereji.

Pasipo na kizuizi, tumia kielea. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10, na utumie chungwa, kwani huzama nusu na upepo hauliyumbishi ovyo. Tuseme mfereji wa udongo una upana wa mita 0.6 na kina cha mita 0.25, na chungwa limechukua sekunde 20. Kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Ipunguze kwa kuzidisha na 0.8, kwa kuwa chini na pembeni maji huburuta. Kisha zidisha na upana na kina: unapata mita za ujazo 0.06, yaani lita 60 kwa sekunde. Rudia, chukua wastani. Njia hii ina makosa yake, hivyo kibali kikisema 55 usimshitaki mtu; kikisema 40, una jambo la kuzungumza.

Hatua ya 5: Fuata majitaka hadi mdomo wa bomba

Kabla ya kufungua kisanduku cha chupa, tembea ukingo wote wa mto kando ya uzio. Mtaro wa mvua wenye maji katikati ya kiangazi unastahili maswali. Vivyo hivyo nyasi mbichi zilizojipanga mstari kutoka ukutani hadi mtoni.

Chukua sampuli tatu: juu ya bomba, mdomoni, na chini baada ya maji kuchanganyika. Ile ya mdomoni ndiyo ya kulinganisha na kibali. Za mtoni zinaonyesha madhara, na mto uliojaa huficha uchafu mwingi. Viwango vya kitaifa vya majitaka ni BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu) miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali) 60, chembe zinazoelea 100, na pH, kipimo cha uchachu, kati ya 6.5 na 8.5. Maji ya kahawa yasiyotibiwa yanaweza kuwa na BOD ya maelfu na uchachu mkali, kwa hiyo hata kijiti cha pH kinakueleza mengi papo hapo.

pH na joto vipimie pale pale. Chupa ya BOD ijaze pomoni bila hewa, iweke gizani kwenye barafu, ifike maabara ndani ya saa 24. Chupa ya vijidudu iwe tasa, na usiisuuze. Kila chupa iandikwe mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota. Kila anayeipokea aweke sahihi. Mnyororo huo ukikatika, wakili hatahangaika kubishana na majibu yako, atauliza chupa ililala wapi.

Pima pia wingi wa majitaka. Miligramu kwa lita, mara lita kwa sekunde, mara 0.0864, ni kilo kwa siku. Kiwanda kinachotii 30 lakini kinatoa lita 5 kwa sekunde kinaingiza karibu kilo 13 za BOD mtoni kila siku. Anayeongeza maji safi ili kushusha namba utamjua hapa: kilo hazipungui, na bili yake ya maji imepanda.

Hatua ya 6: Andika ulichoona, siyo ulichokisia

“Anaiba maji” si taarifa. “Banio A, tarehe fulani, saa 11 alfajiri, lita 60 kwa sekunde, kibali 40, lango limefunguliwa lote” ni taarifa. Weka picha yenye rula ndani yake. Msome mhusika ulichoandika, aweke maelezo yake na sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa.

Kumbuka kwamba kibali si ahadi ya maji mwaka mzima. Sheria inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mto wenyewe, ndipo shughuli za uchumi. Mwaka wa ukame bodi ya maji ya bonde la Pangani inaweza kupunguza mgao, na hapo utakagua kwa namba mpya.

Hatua ya 7: Rudi

Toa muda wa kurekebisha ulio wazi, kisha urudi saa ile ile, sehemu ile ile, na kifaa kile kile. Pima pia banio la jirani wa chini siku hiyo hiyo, uone kama maji yamemfikia. Kama shamba limekua kihalali na kiasi cha zamani hakitoshi, mwelekeze mwenye kibali aombe marekebisho ofisi ya bodi, Moshi, na mpaka atakapojibiwa lango libaki kwenye namba ya zamani.